Hakuna Anayekuibia Petroli

Brooklyn Park, Minnesota
Januari 14

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi wazima, ila koleo la theluji limetuchosha migongo. Mama yako alinipigia Jumapili kuuliza kama umenunua koti la maana. Nikamjibu kwamba umenunua, kwa hiyo usiniumbue.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unasema Septemba gari lilikuwa likikupa maili 31 kwa galoni, sasa linakupa 24, na safari zako ni zilezile za chuo, kazini na dukani. Washukiwa wako ni watatu. Wa kwanza ni sheli, kwamba petroli yao imechakachuliwa. Wa pili ni jirani wa ghorofa ya chini, kwamba usiku anakunyonyea petroli kwa mpira. Wa tatu ni yule fundi aliyekubadilishia oili Novemba, kwamba alikuwekea "oili nyepesi kama maji" akatia tofauti mfukoni. Kwa mtu aliyekulia Tanga mawazo hayo si ya ajabu, maana kwetu gari likianza kula mafuta tunatafuta mkono wa mtu. Huko Duluth unakoishi, kuanzia Novemba hadi Machi, mshukiwa wa kwanza ni hali ya hewa, na mara nyingi upelelezi unaishia hapohapo.

Nianze na hesabu, kwa sababu najua hutaniamini bila hesabu. Serikali ya Marekani, kupitia Wizara ya Nishati na shirika lake la mazingira, EPA, imelipima jambo hili. Gari la kawaida la petroli likiendeshwa mjini katika baridi ya digrii 7 chini ya sifuri (kwenye vipimajoto vyao ni 20 za Fahrenheit) hupata maili pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko likiendeshwa kwenye joto la digrii 25. Safari zikiwa fupi, za maili tatu au nne, upungufu unaweza kufika asilimia 24. Sasa chukua 31 yako na 24 yako. Umepoteza kama asilimia 23. Na wewe mwenyewe umeniambia kutoka unapolala hadi chuoni ni maili tatu. Umeangukia palepale vipimo vinapoelekeza. Jirani wako mwache alale.

Sababu kubwa iko kwenye dakika chache za mwanzo baada ya kuwasha gari, na hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ukipaelewa mengine yote utayapanga mwenyewe.

Petroli haiungui ikiwa maji. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kompyuta ya gari hulenga kuchanganya kilo moja ya petroli na karibu kilo 14.7 za hewa, na injini ikishapata joto kazi hiyo ni nyepesi: tone likigusa chuma cha moto linageuka mvuke mara moja. Asubuhi ya digrii 20 chini ya sifuri hakuna chuma cha moto. Petroli inanyunyizwa, sehemu kubwa inabaki matone, inatanda kwenye kuta za silinda na mdomoni mwa vali. Kinachogeuka mvuke ni kidogo mno kushika cheche ya plagi. Kompyuta inalijua hilo kupitia sensa ya joto la maji ya rejeta, basi inaagiza petroli ya ziada, tena nyingi, ili hata kama ni sehemu ndogo tu itakayogeuka mvuke, sehemu hiyo itoshe kuwaka. Iliyobaki ama inatoka na moshi bila kufanya kazi yoyote, ama inateremka kwenye kuta hadi kwenye oili.

Babu yako hakuwa na kompyuta, alikuwa na choki. Ile Peugeot 404 yake pale Mafinga, asubuhi za Juni na Julai baridi ya Mufindi inapouma, ilikuwa haiwaki mpaka avute kitufe cha choki kwenye dashibodi. Injini ilikohoa, ikashika, na harufu ya petroli ikajaa uani. Alipokwenda kidogo aliirudisha, na siku mtu mwingine alipoendesha akasahau kuirudisha, petroli iliisha njiani na plagi zikajaa masizi. Gari lako nalo lina choki, ila huioni. Kompyuta ndiyo inayoivuta, na ndiyo inayoirudisha kidogo kidogo kadiri injini inavyopata joto. Mafinga ilikuwa kazi ya dakika chache. Duluth, kwa safari ya maili tatu, choki yako huenda hairudi hadi mwisho kabla hujazima gari.

Kuna na jingine katika dakika hizohizo. Umewahi kuniuliza kwa nini gari likiwaka asubuhi linanguruma kwa sauti ya juu halafu linatulia. Ule mtungi wa kusafishia moshi, ulio kwenye njia ya ekzosi, haufanyi kazi mpaka ufikie joto la digrii mia mbili na kitu au mia tatu. Kwa hiyo kompyuta inachoma petroli makusudi ili kuupasha. Sensa ya oksijeni nayo haisomi sawasawa mpaka iwe ya moto, na kabla ya hapo kompyuta inagawa petroli kwa makadirio tu, tena makadirio ya mkono mpana. Kiangazi yote haya yanakwisha upesi. Kipindi cha baridi yanavutwa na kuvutwa.

Fikiria mama yako angewasha jiko la mkaa mara sita kwa siku, kila mara kwa kikombe kimoja cha chai, kisha alimwagie maji. Mkaa mwingi ungekwisha kwenye kuwasha, na chai ingekuwa ile ile. Ndivyo unavyofanya na gari. Unawasha, unaenda chuo, unazima, linalala saa tatu kwenye upepo wa ziwa, unawasha tena kwenda kazini, unazima, unawasha kwenda dukani. Kila mara unalipa gharama ya kuwasha upya. Mtu anayesafiri maili 40 asubuhi kwa mwendo mmoja analipa gharama hiyo mara moja, kisha maili 35 na zaidi anakula kwa bei ya kawaida. Mimi na teksi yangu uwanja wa ndege siku zenye abiria wengi baridi huniuma kidogo tu, kwa sababu injini haipoi. Siku za foleni ndefu ndipo ninapouona mshale wa mafuta ukishuka, na sababu ni hiyohiyo.

Na sasa fundi wako. Nilikusikia ukimtaja kwa hasira, na naelewa imetoka wapi. Gereji nilizojifunzia kazi, Iringa na baadaye Dar es Salaam, oili nzito ilikuwa ndiyo oili nzuri. Mteja alitia kidole, akavuta, ikinata akaridhika. Karibu kila gari tuliliwekea 20W-50. Herufi ile W ni ya majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake inaeleza oili itakavyozunguka injini ikiwa baridi: namba ikiwa ndogo, oili inabaki laini kwenye baridi kali zaidi. Oili ya 20W hupimwa uwezo wake wa kuwashia injini kwenye digrii 15 chini ya sifuri. Ya 0W hupimwa kwenye digrii 35 chini ya sifuri. Kwa hiyo 0W-20 aliyokuwekea yule fundi ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, nimeangalia, na ndiyo inayokusaidia asubuhi stata ikihangaika kuzungusha injini. Hata hiyo inakuwa nzito kwenye baridi, ila si nzito kama ambavyo nyingine ingekuwa. Angekuwekea 20W-50 ya nyumbani ungelia vibaya zaidi, na pengine gari lisingewaka kabisa. Oili ya giaboksi nayo inakuwa nzito hivyohivyo, na grisi ya beringi za magurudumu. Injini inasukuma uzito huo wote, na kazi hiyo inalipiwa kwa petroli. Hakuna wa kumlaumu.

Lakini kuna kifaa kimoja ambacho nataka ukikague kweli, na hapa naomba usome polepole. Themostati. Ni kidude kidogo kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie joto la digrii themanini na kitu hadi tisini, kisha kinafunguka. Kwetu mafundi wengi wanaking'oa. Gari likichemsha mara moja tu kwenye foleni ya Dar, fundi anatoa themostati, anakukabidhi mkononi kama ushahidi, anasema "hii ndiyo ilikuwa inakusumbua, kwetu joto, haina kazi". Gari linaacha kuchemsha kwa muda, mteja anafurahi, na tangu siku hiyo injini inafanya kazi ikiwa baridi kuliko ilivyoundwa na inakula mafuta zaidi, hata hapo Dar penye joto. Nimeona magari mengi sana ya namna hiyo, na wenye magari wakilaumu sheli.

Gari lako hakuna aliyeling'oa themostati, lakini themostati huzeeka na kukwama ikiwa wazi. Ikikwama hivyo Duluth, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini haitapata joto lake hata ukienda mbali. Dalili ni mbili na unaweza kuziona mwenyewe: hita inapuliza hewa ya vuguvugu badala ya moto hata baada ya nusu saa, na mshale wa joto unapanda mjini kisha unashuka ukiingia barabara kuu. Mara nyingi taa ya injini nayo itawaka, na ukipima kwa mashine utaona msimbo wa P0128. Ukiona hivyo, mwambie fundi abadilishe. Themostati yenyewe ni rahisi, na usikubali akwambie liende bila hiyo.

Nakuja kwenye jambo ambalo wewe ndiye unayelifanya, na nitasema bila kuficha. Unawasha gari kwa rimoti ukiwa dirishani, unakunywa chai, na dakika kumi na tano baadaye unashuka. Jioni unarudia. Desturi hiyo umejifunza kwa wenzako, nao waliirithi kwa baba zao wa enzi za kabureta, ambazo kweli zilihitaji kusubiriwa. Magari ya siku hizi hayahitaji. Watengenezaji wengi wanashauri uondoke polepole baada ya kama nusu dakika, kwa sababu injini inapata joto haraka zaidi ikifanya kazi kuliko ikisimama inanguruma. Gari lililosimama linakupa maili sifuri kwa galoni. Kwa vipimo vya serikali, likinguruma hivyo linakula robo hadi nusu galoni kwa saa, kulingana na ukubwa wa injini. Nusu saa kwa siku, kwa mwezi, ni karibu galoni nne hadi saba na nusu.

Sasa linganisha. Kama kwa mwezi unakwenda maili 600, tofauti kati ya 31 na 24 ni kama galoni tano na nusu. Yaani chai yako ya dirishani peke yake inaweza kueleza sehemu kubwa ya huo wizi unaoutafuta.

Sisemi uondoke na kioo kina barafu. Kwangua vioo vyote, na paa pia, maana theluji ya juu ya gari ikimwagikia dereva wa nyuma ni hatari, halafu ondoka taratibu bila kukanyaga sana kwa maili ya kwanza. Baridi ikizidi digrii 25 chini ya sifuri ipe injini dakika mbili hivi. Na hili si la petroli tena, ni la uhai wako: usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata mlango ukiwa umeinuliwa kidogo, na baada ya theluji kubwa fukua kwanza bomba la ekzosi kabla hujawasha. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua mtu akiwa amekaa vizuri kwenye kiti chake.

Yaliyobaki nitayapitia haraka, kwa sababu kila moja ni dogo. Ni haba na haba zake zinazokupunguzia kibaba.

Matairi. Upepo husinyaa kwenye baridi, kama kipimo kimoja cha psi kwa kila digrii tano na nusu zinazoshuka. Ulijaza Septemba kukiwa na joto la digrii 20. Leo ni digrii 15 chini ya sifuri, umepoteza kama psi sita bila tairi kutoboka. Kwa petroli hiyo ni asilimia moja na kidogo, si kitu cha kukosesha usingizi. Kwa breki na kona za vilima vya Duluth ni kitu kikubwa. Jaza kufuata namba iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na upime gari likiwa limelala nje, halijaenda mbali.

Petroli yenyewe pia hubadilishwa. Kipindi cha baridi viwanda vya kusafishia mafuta huweka butani nyingi zaidi ili petroli itoe mvuke kirahisi na magari yawake. Kiangazi huipunguza kwa sababu mvuke huo ungechafua hewa. Petroli ya kiangazi ina nishati zaidi ya ile ya baridi kwa kama asilimia 1.7. Kwa hiyo kweli sheli inakuuzia petroli dhaifu kidogo, kwa kufuata kanuni, na bila hiyo asubuhi zako zingekuwa ngumu zaidi.

Betri kwenye baridi kali hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na wakati huohuo stata inadai nguvu nyingi kuliko kawaida. Baada ya hapo alteneta inabeba mzigo wa kuichaji, na juu yake taa za usiku mrefu, feni ya hita, waya za kioo cha nyuma na joto la viti. Umeme huo wote unatoka kwenye petroli. Barabara yenye theluji inakokota magurudumu, matairi ya baridi ni mazito kidogo kuzunguka, na mwendo wa kwenda na kusimama kwenye barafu unamaliza faida yoyote iliyobaki.

Rafiki yako anayesomea uhandisi amekwambia hewa baridi ina oksijeni nyingi na injini inaipenda. Ni kweli ukikanyaga mpaka chini, ukitaka nguvu zote. Lakini wewe huendeshi hivyo, na unapotaka nguvu kidogo tu, hewa nzito inalazimisha mlango wa hewa wa injini ujifunge zaidi, na injini inatumia nguvu kuvuta hewa kupitia tundu dogo. Halafu hewa hiyohiyo iko nje, mbele ya gari. Kwenye digrii 20 chini ya sifuri hewa ni nzito kuliko ile ya digrii 25 kwa kama asilimia 18. Ukija kwetu kwa barabara kuu ya I-35, na mwendo ukipita maili 60 kwa saa, kazi kubwa ya injini ni kusukuma hewa. Ndiyo maana hata safari ndefu, ambayo injini imeshapata joto, haitakupa 31 ya Septemba. Punguza mwendo kidogo, utaiona tofauti, na barafu haitakuwa na hamu nawe.

Umeniuliza pia kama uuze hili ununue la haibridi au la umeme. Hapa watu wanashangaa wakisikia kwamba haibridi kwenye hali ileile ya mjini, ya digrii 7 chini ya sifuri, hupoteza asilimia 30 hadi 34, maradufu ya gari lako. Sababu ni kwamba ufundi wake wote ni kuzima injini kila inapowezekana, na baridi haiiruhusu. Injini ikizimwa inapoa, hita inakosa joto, na betri nayo inapokea chaji kidogo. Lakini usiangalie asilimia peke yake. Haibridi ya maili 50 kwa galoni ikipoteza theluthi moja bado inabaki na zaidi ya 30, na wewe uko kwenye 24.

La umeme linaumia zaidi, kama asilimia 39 ya uchumi wake kwa safari za mchanganyiko wa mjini na barabara kuu, na karibu theluthi mbili za nishati hiyo ya ziada zinakwenda kupasha watu joto ndani. Gari la petroli halilipii joto hilo, kwa sababu chini ya theluthi moja ya nishati ya petroli ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Nyingine yote ni joto la kutupwa, na hita yako inaokota kwenye lile la kutupwa. Kwa hiyo usije ukajiadhibu kwa kuzima hita ukidhani unaokoa. Injini ikishapata moto, hita inakugharimu umeme wa feni tu. Dakika za mwanzo, kabla maji hayajapata joto, iweke chini ili usiinyang'anye injini joto lake, kisha fungulia utakavyo.

Kuna dawa moja ambayo wazee wa huku wanaijua na vijana wanaisahau. Umeona magari yenye waya wa umeme wenye plagi ukining'inia mbele, karibu na namba ya gari? Ile ni hita ya injini. Ilitoka jimbo la jirani, Grand Forks, North Dakota, ambako bwana mmoja aitwaye Andrew Freeman alichoka na baridi, akatengeneza kipashio kinachokaa mahali pa boliti ya silinda hedi. Hataza yake ilitolewa 1949. Siku hizi ziko za aina nyingi na hupasha maji au oili usiku ukiwa umelala. Injini inawaka ikiwa tayari ya vuguvugu, choki ya kompyuta inakaa muda mfupi, na hita inapuliza moto mapema. Usiiache ikiwaka usiku kucha. Nunua saa ya kuwasha umeme, iweke ianze saa mbili au tatu kabla hujaondoka, vinginevyo bili ya umeme itakula ulichookoa kwenye petroli. Uliza kwanza kama sehemu yako ya kuegesha ina tundu la umeme. Kama haina, usivute waya kutoka dirishani kupita kwenye theluji, tafadhali.

Bila hita hiyo, kuna jambo moja la bure linaloshinda yote niliyoandika: unganisha safari. Duka liwe njiani kutoka kazini, wakati injini ina moto, badala ya kurudi nyumbani, kulala kidogo, kisha kutoka tena. Siku ya darasa moja asubuhi na kazi jioni, panda basi la chuo au tembea; una miguu ya miaka ishirini. Na ukiwa na sehemu mbili za kwenda, nenda kwanza ile ya mbali, injini ipate joto lake njiani, kisha zile za karibu zipate kufaidi.

Usiache tangi likaribie kuisha kwa ajili ya kubana pesa. Huko kwenu likizima njiani usiku kwenye digrii 25 chini ya sifuri, hita inazimika pamoja nalo. Lisishuke chini ya nusu. Buti liwe na blanketi, tochi, koleo na waya za kuchajia betri.

Usiamini namba ya dashibodi peke yake. Jaza tangi mpaka pampu ikatike, andika maili, jaza tena mpaka ikatike kwenye pampu hiyohiyo, gawa maili kwa galoni. Fanya hivyo kwa matangi matatu mfululizo, kwa sababu tangi moja linadanganya. Acha chai ya dirishani kwa mwezi mmoja, jaza upepo, kagua themostati, halafu unitumie hesabu. Mei ikifika na majani yametoka, pima tena. Kama gari halijarudi kwenye 30 au karibu yake, lilete kwangu tulifungue pamoja. Mpaka siku hiyo usimtaje mtu kwa wizi, na fundi yule mlipie oili yake inayofuata bila kumtazama vibaya.

Mpigie mama yako, na umwambie koti ulilonunua ni zito.

Mjomba wako